Ukienda kuona mahekalu ya Misri, anzia Luxor, kisha uupande mto

Nimekwenda Misri mara mbili, na mara zote mbili nilifuata kitu kimoja: mahekalu ya kale yaliyo kati ya Luxor na Aswan, kando ya Mto Nile. Mara ya kwanza nilipanda meli kubwa ya kitalii kutoka Aswan, nikalala humo siku tatu, nikashuka Luxor nimechoka, na picha zaidi ya 800 ambazo nyingine mpaka leo siwezi kusema ni za hekalu lipi. Mara ya pili nilikwenda na dada yangu. Tulianzia Luxor, tukapanda dahabia ya matanga pale Esna, na upepo ukatupeleka Aswan kwa siku tano. Maji yalikuwa yale yale na mahekalu karibu yale yale, lakini hiyo ya pili ndiyo ninayoisimulia nyumbani Mwanza. Kwa hiyo anayeniuliza aende vipi namjibu hivi: nenda kwa maji, elekea kusini, na usiwe na haraka.

Sababu ya kwanza iko Karnak, lile hekalu kubwa la mungu Amun pale Luxor. Basi linakushusha kwenye maegesho, unakaguliwa, unakata tiketi, na watu wote wanakimbilia ule ukumbi wa nguzo 134. Ukumbi unastahili sifa zake. Nguzo 12 za katikati zina urefu wa mita 21 hivi. Ila kabla hujaingia, simama mbele ya lango, pale inapoanzia safu ya sanamu za simba wenye vichwa vya kondoo dume. Lile jukwaa la mawe ambalo wengi wanalivuka bila kuliangalia lilikuwa gati. Maji ya Nile yalifika hapo, na wakati wa sikukuu ya Opet sanamu ya mungu Amun ilitoka ikiwa ndani ya mashua yake takatifu, kwenda kwenye hekalu la Luxor. Mlango mkuu wa Karnak uliangalia majini.

Na hakuwa Amun peke yake. Kila mwaka sanamu ya Hathor ilitolewa Dendera, kaskazini ya Luxor, ikapandishwa mashuani na kupelekwa hadi Edfu kwa mumewe Horus, ikakaa huko kama wiki mbili. Ukiingia chumba cha ndani kabisa cha hekalu la Edfu utakuta mfano wa mashua ya mbao. Wageni wanaupiga picha na kutoka, wengi wao bila kuambiwa kwamba hicho ndicho chombo alichosafiria mungu. Ukishakuwa umelala usiku kadhaa mtoni, mashua ile huhitaji kuelezwa.

Kuhusu kuelekea kusini. Nile unatiririka kutoka kusini kwenda kaskazini, lakini upepo wa kule kwa sehemu kubwa ya mwaka unavuma kutoka kaskazini. Watu wa pwani wanajua jinsi nahodha wa jahazi anavyongoja kaskazi iishe na kusi ianze ndipo ageuze safari. Nile haumngojeshi mtu: ukitaka kuupanda mto unatweka tanga, ukitaka kuushuka unalitua na kuuachia mkondo. Ndiyo maana Wamisri wa kale, walipoandika neno la kwenda kusini, walichora mashua iliyotweka tanga, na la kwenda kaskazini wakachora mashua isiyo na tanga. Dada yangu alijifunza alama hizo mbili kabla hatujaondoka, pamoja na miungu wanne: Horus mwenye kichwa cha kipanga, Sobek mwenye kichwa cha mamba, Khnum mwenye kichwa cha kondoo dume, na Hathor mwenye masikio ya ng'ombe. Hayo tu. Lakini kwenye kila ukuta alikuwa na mtu anayemfahamu, wakati mimi safari yangu ya kwanza niliona ukuta mmoja mrefu usiokwisha.

Kuna faida nyingine ya kuanzia Luxor. Karnak na makaburi ya wafalme ni ya zama za mafarao wakuu. Kadiri unavyopanda mto ndivyo historia inavyosogea mbele: Edfu, Kom Ombo na Philae, kama yanavyoonekana leo, ni kazi ya wafalme wa Kigiriki na watawala wa Kirumi waliokuja baadaye, wakajichora ukutani wakiwa wamevaa kama mafarao. Ukitokea Aswan unaisoma hadithi kuanzia mwisho.

Luxor kwenyewe ipe siku mbili kamili kabla ya kupanda chombo. Ng'ambo ya magharibi, tiketi ya kawaida ya Bonde la Wafalme inakuruhusu makaburi matatu, yatosha. Muda utakaobaki upeleke Deir el-Bahari, kwenye hekalu la Malkia Hatshepsut, na ukifika panda hadi roshani ya pili, upande wa kushoto. Pale kuna michongo ya msafara wa merikebu alioutuma nchi ya Punt miaka karibu 3,500 iliyopita. Wachunguzi wengi wanaiweka Punt upande wetu huu, kusini mwa Bahari ya Shamu kuelekea Pembe ya Afrika. Utaona nyumba zilizosimama juu ya nguzo na kupandwa kwa ngazi, miti ya manemane iliyobebwa na mizizi yake ndani ya vikapu, nyani juu ya merikebu, na chini yake samaki waliochongwa kwa uangalifu kiasi cha kutambulika. Tulikaa hapo karibu saa nzima. Makundi matatu yalipita nyuma yetu bila kusimama.

Jioni nenda hekalu la Luxor. Ndani ya uwanja wake kuna msikiti wa Abu Haggag, na mpaka leo watu wanasali humo. Angalia mlango wake wa zamani ulivyoning'inia juu ukutani: msikiti ulipojengwa, hekalu lilikuwa limefukiwa, na hapo juu ndipo ardhi ilipokuwa.

Sasa chombo. Meli kubwa si mbaya. Ni nafuu zaidi, ina vyumba vizuri na maji ya moto, na kwa mzee au mtu mwenye watoto wadogo ningeichagua bila wasiwasi. Shida yake ni ratiba. Gatini zinafungwa ubavu kwa ubavu, nne au tano, na yako ikiwa ya katikati, ukifungua pazia unaona pazia la jirani na moshi wa dizeli unaingia ndani. Kampuni iliyonichukua mara ya kwanza ilitupa Edfu saa moja na nusu, pamoja na muda wa kwenda na kurudi. Hilo liliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeweka akiba miaka miwili. Kabla ya kulipa uliza kwa maandishi: hekalu hili tunapewa muda gani ndani ya lango? Anayekujibu "wa kutosha" tu, mwache.

Dahabia ni chombo kirefu chenye matanga mawili na vyumba vichache tu. Upepo ukikatika inavutwa na boti ya injini, kwa hiyo usidhani utasikia ukimya saa zote. Lakini inatia nanga mahali ambapo meli kubwa haziwezi kusogea, na kwangu mahali hapo ni Gebel el-Silsila.

Silsila ndipo mto unapobanwa na majabali ya mawe ya mchanga pande zote mbili. Hapa palikuwa machimbo. Mawe ya Karnak, ya Luxor, ya Edfu, ya Kom Ombo, kwa sehemu kubwa yalikatwa hapa, yakashushwa ukingoni na kupakiwa vyomboni. Tulishuka asubuhi, sisi na wenzetu wachache na mlinzi mmoja. Unapita kwenye vichochoro vilivyochongwa wima, kuta zake laini zikiwa na alama za patasi zilizolala upande mmoja, mstari juu ya mstari, mpaka unajua fundi alisimama wapi na kama mkono wake ulichoka. Dada yangu, ambaye mumewe ni fundi mwashi, aliweka kiganja kwenye alama hizo, akanyamaza muda mrefu. Kwenye mahekalu unaona majina ya wafalme. Silsila unaona kazi ya watu waliobeba uzito wenyewe. Kama chombo chako hakisimami hapo, tafuta kingine.

Edfu ndilo hekalu lililohifadhika vizuri kuliko mengine yote njiani. Lilianza kujengwa mwaka 237 kabla ya Kristo na kukamilika mwaka 57 kabla ya Kristo. Mchanga na nyumba za watu vilikuwa vimelifunika karibu lote hadi lilipofukuliwa katika miaka ya 1860. Fika lango linapofunguliwa, saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, na usisimame uani. Nyoosha moja kwa moja hadi chumba cha ndani, kisha rudi nje taratibu. Hekalu limepangwa hivi: kadiri unavyoingia sakafu inapanda, dari inashuka, na mwanga unapungua, mpaka unabaki na mungu gizani. Makundi yakishajaa, hali hiyo haipo tena. Kutoka gatini watu wengi wanapanda mikokoteni ya farasi. Mtazame farasi kwanza. Akiwa na mbavu nje na vidonda, mkatae, panda bajaji.

Kom Ombo meli hufika jioni kwa wingi, kwa hiyo ukiweza nenda mchana wenzako wamelala. Ni hekalu la milango miwili, upande mmoja wa Sobek na mwingine wa Horus Mkubwa, na jirani kuna makumbusho yenye mamba waliokaushwa na kufungwa sanda. Sisi tuliokulia kando ya ziwa tunamwogopa mamba. Kule walimwogopa pia, wakamjengea. Usikose kile kisima cha kupimia maji ya mto. Mafuriko yakiwa mazuri mavuno yalikuwa mazuri, na kodi ilipanda. Hapo nilimkumbuka baba aliyekuwa akituambia kwamba maji ya Ziwa Victoria yanakwenda Misri. Ni kweli, yanatokea Jinja na yanafika. Lakini sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri, na mafuriko yale yenyewe, hutoka nyanda za juu za Ethiopia. Tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike mwaka 1970, kisima hakipimi kitu.

Bwawa hilo ndilo lililoihamisha Philae. Kati ya mwaka 1972 na 1980 hekalu lilibomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya kwenye kisiwa cha jirani cha Agilkia, kilichoinuka zaidi. Ukilisifu, kumbuka na watu: maelfu ya Wanubi vijiji vyao vilizama, na wengi walihamishiwa karibu na Kom Ombo, mbali na mto wao. Kwenda kisiwani unapanda boti ya injini. Patana bei ya boti nzima, kwenda, kungoja na kurudi, kabla hujaweka mguu. Ukifika, tafuta lango la Hadrian. Hapo ndipo yalipochongwa maandishi ya mwisho ya hieroglifi, yale ya picha, yanayojulikana, Agosti mwaka 394. Baada ya hapo ujuzi wa kuyasoma ulipotea kwa karibu miaka 1,400.

Mahekalu ya Abu Simbel yako kilomita 280 hivi kusini ya Aswan. Nenda, ila lala huko. Msafara wa kuondoka usiku wa manane na kurudi mchana utakuharibia.

Mswahili ana bahati moja kule. Bahari kwao ni *bahr*, na ndivyo wanavyouita mto wenyewe. Merikebu ni *markib*. Nahodha wanamwita *rayyis*. Dahabia inatokana na dhahabu. Na ukijua sita, saba, tisa, ishirini, thelathini hadi mia, umeshajua karibu nusu ya kupatana bei. Ila jifunze tarakimu zao zilivyoandikwa: duara ni tano, nukta ni sifuri. Bakshishi ni ile ile, na utaombwa kila kona, kwa hiyo vunja noti ziwe ndogo mapema na ziweke mfuko wa peke yake. Tiketi za mahekalu makubwa beba kadi ya benki, maana madirisha mengi hayapokei taslimu.

Nenda kati ya Oktoba na Aprili. Kiangazi joto linapita nyuzi 40. Desemba na Januari usiku kuna baridi ya kweli juu ya maji, chukua sweta. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja na pasipoti.

Siku ya mwisho, tulipokwisha kushuka, nahodha aliwaambia vijana wafunge matanga. Dahabia ilikuwa inarudi Esna kuchukua wageni wengine. Tulikaa ukingoni na mabegi yetu tukaitazama ikigeuka na kuchukuliwa na mkondo, milingoti mitupu. Dada yangu alinigusa bega. "Ile alama," akasema, "ya kwenda kaskazini."