Shangazi, mke wangu amegoma kuhamia nyumba niliyonunua kwa pesa ya misheni

Shikamoo Shangazi. Mimi ni askari wa JWTZ, koplo, nina miaka 35, mke na watoto wawili. Tumeishi kota tangu tuoane, mwaka wa tisa huu. Nilipokuwa kwenye misheni ya kulinda amani Afrika ya Kati nilimtumia kaka yangu shilingi milioni 28, akaninunulia pagale huko Chanika. Mkataba uliandikwa kwa jina lake kwa muda tu, kwa kuwa sikuwepo. Nimerudi, nimeezeka, nimeweka milango na geti, imebaki sakafu. Mke wangu hataki kuhamia. Eti anataka jina lake liwemo. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kunichunguza bila idhini yangu, na sasa yuko kwa dada yake Mbagala, wiki ya tatu. Kaka ananiambia mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, nimwache aende zake. Ile nyumba ni jasho langu, yeye hakuchangia chochote zaidi ya ile milioni tatu ya mchezo wake tuliyonunulia bati. Nimfanyeje?
Koplo, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Pole kwa kurudi safari ngumu ukakuta nyumba imepoa. Sasa tuseme kweli.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikirudia namwona mkeo ana haki zaidi. Unasema hakuchangia chochote, halafu mstari huohuo unaniambia bati ni lake. Mwanangu, nyumba isiyo na bati inaitwaje? Wewe mwenyewe umeiita pagale. Aliyelitoa kwenye upagale ni huyo unayeniuliza umfanyeje.

Na hiyo milioni tatu ndiyo inayoonekana. Mwaka mzima uliokuwa Afrika ya Kati, nani aliamka usiku mtoto akiwa na homa? Nani alilipa ada na kununua sare? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, ikasema kazi ya mke ya kutunza nyumba na familia ni mchango katika mali ya ndoa. Miaka zaidi ya 40 imepita na bado wanaume wananiandikia "jasho langu" kana kwamba mwanamke aliyebaki na watoto alikuwa mapumzikoni.

Umesema mkataba una jina la kaka yako "kwa muda". Muda gani? Umerudi, ukapata nafasi ya kuezeka. Ukapata nafasi ya kupima geti, kulichomelea na kulipaka rangi. Jina tu ndilo halijapata nafasi? Nadhani unaogopa kumwambia kaka yako "tubadilishe mkataba", na kwa kuwa humwezi yeye, umemgeukia mkeo. Sikusemi kwa ubaya. Kaka aliyekulea ni mzito kumkabili, najua. Ila uzito huo usimtwishe mwanamke.

Amekukumbusha kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mimi nakukumbusha jingine la wahenga haohao: mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari la mali yako lina jina la mtu mwingine.

Nikuulize jambo, na ujijibu ukiwa peke yako. Kabla hujapanda ndege uliulizwa ni nani apewe taarifa likikufika la kukufika. Uliandika jina la nani? Kama uliandika la mkeo, basi ulimwona anafaa kupokea habari ya kifo chako, lakini hafai kuwemo kwenye mkataba wa nyumba yako. Desemba 2017, askari wetu waliposhambuliwa Semuliki kule Kongo na zaidi ya kumi wakapoteza maisha, wake wa askari nchi nzima hawakulala. Kila simu iliyoita usiku ilikuwa kisu. Mke wa askari analala na hofu hiyo kila mumewe akienda misheni, na ndani ya hofu hiyo mna swali ambalo kulitamka ni aibu: asiporudi, mimi na wanangu tutalala wapi? Kota ni ya jeshi, si yenu. Na Chanika ni ya shemeji. Ungekuja ndani ya sanduku, mjane wako angekwenda mahakamani kuthibitisha kwamba pagale lenye jina la mtu mwingine lilikuwa lako, huku matanga hayajaanuliwa.

Ndiyo maana alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Wewe unaita kukuchunguza. Mwanangu, mnapoingia eneo msilolijua hamtangulizi doria? Mkeo alifanya doria ambayo ulipaswa kuifanya wewe kabla ya kutuma shilingi ya kwanza. Na cha ajabu hukuniambia alichoambiwa huko. Nina wasiwasi alirudi na habari usiyopenda kuisikia, labda kiwanja kina mgogoro, labda kimeuzwa zaidi ya mara moja. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Geti lako jipya halimwambii mtu ardhi ile ni ya nani. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unaonyesha tu kwamba watu wameuziana, haugeuki kuwa hati miliki. Anayejua kama kiwanja kimepimwa na kimesajiliwa kwa jina la nani ni ofisi ya ardhi, na huko upekuzi unafanywa kwa ada ndogo kuliko bei ya komeo la geti lako.

Hapa niseme na wengine pia, kwa sababu barua za namna hii zimekuwa nyingi. Ndoa za siku hizi kila mtu ana kiwanja chake cha siri. Mume anajenga kwa jina la kaka, mke anajenga kwa jina la mama yake, watoto wanapanga chumba kimoja na wazazi wenye nyumba mbili. Tunafichana namba za siri za simu, tunafichana mshahara, halafu tunashangaa mapenzi yamekwenda wapi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Mwenye nia njema haiogopi sheria hiyo. Mnaokimbilia majina ya ndugu ndio mnaoikwepa, na mnawaachia wanenu kesi.

Mkeo naye nina neno naye. Kukaa wiki tatu kwa dada si dawa, na dada hana kura katika ndoa yenu. Lakini hilo nitamwambia akiniandikia yeye.

Wewe fanya hivi. Jumamosi nenda Mbagala, peke yako, bila kaka. Usianze na habari ya nyumba. Mwombe radhi kwa neno "hakuchangia", maana kama umeniandikia mimi nisiyekujua, na yeye umeshamwambia. Kisha muulize mwenyekiti alimwambia nini, na umsikilize mpaka amalize. Jumatatu omba ruhusa kazini, mwende wote wawili ofisi ya ardhi. Kiwanja kikiwa salama, mtafute wakili, kaka yako aje asaini kuhamisha kwa majina yenu mawili. Akisaini bila maneno, mshukuru sana na umpe heshima yake, kakusaidia. Akianza kuzungusha, niandikie tena, na safari hiyo mwambie mkeo aandike pamoja nawe.

Sakafu usiimwage bado.