Chungwa la Muheza kwa rangi za mafuta: mambo ya kujua kabla ya kushika brashi

Wengi wanaoanza kuchora matunda kwa rangi za mafuta huhangaikia brashi, ilhali kinachowaangusha ni dirisha. Vitabu vya Ulaya humshauri mchoraji aweke meza yake penye dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa kule jua hupita upande wa kusini mwaka mzima. Niliufuata ushauri huo nilipokuwa nimepanga chumba Sinza, jijini Dar es Salaam, mwezi wa Juni, na ilipofika saa sita mchana jua lilikuwa limeingia ndani na kukaa juu ya machungwa yangu, vivuli nilivyovichora asubuhi vikiwa vimekwisha kuhama. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana huwa kaskazini mwetu, na dirisha linalokufaa ni la kusini. Miezi iliyobaki, geuza meza.

Dirisha likishapatikana, litazame tunda lenyewe na usahau jina lake. Machungwa yanayoshuka kutoka Muheza, mkoani Tanga, mara nyingi huiva yakiwa bado na ukijani, kwa sababu joto la pwani haliliachi ganda libadilike kama linavyobadilika kwenye nchi za baridi. Mwanafunzi akisikia neno chungwa hukamua rangi ya chungwa kutoka kwenye tyubu, kisha anashangaa kwa nini picha yake inafanana na tangazo la juisi. Changanya njano na buluu kidogo sana, na unapofika upande wa kivuli usikimbilie nyeusi: ongeza siena iliyochomwa, rangi ya kahawia ambayo wekundu wake huupoza ukijani bila kuuchafua. Chini kabisa, karibu na kitambaa, utaona mwanga hafifu unaorudi kutoka mezani. Uchore, lakini usiuache ung'ae kama upande unaopigwa na dirisha, la sivyo tunda litakuwa bapa.

Mng'aro nao una hila yake. Juu ya nyanya ni doa moja lenye kingo kali, bali juu ya chungwa huvunjika kuwa vitone vidogo kwa sababu ya vishimo vya ganda, na mara nyingi huwa na ubuluu wa anga ya dirishani. Vitone vinne au vitano vinatosha. Nimewahi kutia zaidi ya ishirini, na tunda likaonekana limeugua ndui.

Kuhusu tabaka za rangi, kanuni ni moja: la kwanza liwe jembamba, limepunguzwa kwa tapentaini, na kila linalofuata liwe na mafuta ya kitani (yanayokamuliwa kwenye mbegu za mmea huo) zaidi, kwani tabaka la juu likikauka kabla ya la chini litapasuka. Wanaotoka kwenye Tingatinga, mtindo wa uchoraji ulioasisiwa hapa jijini na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968, huteseka zaidi hapa, maana wamezoea enameli, rangi ya kung'aa inayokauka upesi. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Huvuta oksijeni hewani na kugeuka kuwa ngozi ngumu, jambo linalochukua siku kadhaa. Kwa sababu hiyohiyo matambara yaliyolowa mafuta hayo huweza kujipasha joto na kuwaka moto yakirundikwa, basi yatandaze nje yakauke au yatie kwenye kopo la maji.

Ukilizoea ganda, nunua chungwa lililokwisha kumenywa na muuzaji wa kituo cha daladala. Kisu chake huacha mikato mirefu inayozunguka tunda, kila mkato ukiwa na uso wake na kivuli chake, na weupe wake hauna mng'aro wowote wa kukusaidia. Tena ndani ya saa moja huanza kukauka na kubadilika rangi, kwa hiyo lianze hilo kabla ya kingine chochote kilichopo mezani.