Kondoo wa malishoni: ongeza kile ambacho nyasi zimekosa

Ukifuga kondoo Longido au Monduli, wakati wa kiangazi utaona jambo linalowachanganya wengi wanaoanza: nyasi kavu zipo, kondoo wanashinda malishoni, jioni wanarudi matumbo yamejaa, lakini uzito hauongezeki. Wengi hapo hukimbilia kununua mahindi. Naomba usianzie huko.

Nyasi zikikauka, protini ndiyo inayopungua sana. Ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu wanaosaga chakula kwenye tumbo kubwa la kondoo hudhoofika, nyasi hukaa tumboni muda mrefu, na mnyama hana nafasi ya kula nyingine. Asubuhi ingia zizini uokote kinyesi. Kikiwa kigumu na kikavu, na ukikivunja unaona nyuzi za majani, hao kondoo wanahitaji protini. Wape mashudu (makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta) ya alizeti au ya pamba, gramu 200 hadi 300 kwa kila mmoja kwa siku, na utashangaa: watakula nyasi nyingi kuliko mwanzo. Mahindi mengi hufanya kinyume, maana huleta asidi tumboni na kondoo huziacha nyasi.

Mashudu yanagharimu, kwa hiyo tumia na vya porini. Matunda ya mgunga huanguka kiangazi hichohicho. Yakusanye, lakini yatwange kwanza, kwa sababu mbegu nzima nyingi hupita tumboni na kutoka kama zilivyoingia. Majani ya lukina, mti wa malisho wa jamii ya mikunde, yaliyokaushwa ni mazuri sana, ila yasizidi theluthi moja ya chakula, kwani yana sumu yakilishwa kwa wingi. Mashudu yenye ukungu yaache hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Lisha jioni, kondoo wakisharudi, ili usiwakatize saa za kula malishoni. Anza na kiganja kimoja, uongeze polepole kwa wiki mbili. Hori liwe na nafasi ya sentimita 30 kwa kila kondoo, la sivyo madume wenye nguvu watamaliza chakula na wale uliokusudia kuwanenepesha watabaki wakitazama. Maji yawepo. Na tafadhali, usiwape kondoo chakula cha nguruwe au cha kuku: madini ya shaba yaliyomo yanaweza kuwaua.

Kabla ya yote hayo, fungua kope la chini la jicho. Likiwa jeupe badala ya jekundu, kuna minyoo wanaonyonya damu. Zungumza na mtaalamu wa mifugo upate dawa, maana chakula chako kitaishia kwa minyoo. Kondoo wekundu wa Kimasai huwahimili minyoo hao vizuri kuliko Dorper, kondoo wa nyama wa kigeni, hivyo ukifuga machotara wa Dorper kagua mara nyingi zaidi.

Pima uzito asubuhi kabla hawajala wala kunywa, la sivyo utakuwa unapima maji.

Mwisho, usilishe kundi zima. Chagua madume vijana utakaowauza, na uhesabu miezi 2 au 3 kurudi nyuma kutoka siku ya soko. Kama unalenga Idi ya Kuchinja, kumbuka kwamba husogea mapema kwa siku kama 11 kila mwaka. Ratiba ya mwaka jana haitakufaa.