Kwa wanaoanza kazi ya punda Lamu: msome kwanza kabla hujampakia

Mwezi huu peke yake vijana watatu wamenifuata wanataka kuingia kazi ya punda na wote wameanza na swali moja, punda anabeba kiasi gani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza anakunywa maji mara ngapi. Siwalaumu, hata mimi nilipoanza hesabu yangu ilikuwa hiyo hiyo, safari ngapi kwa siku na shilingi ngapi kwa safari, bas. Sasa naandika hapa kwa mpigo mmoja ili nisirudie rudie, na nitaandika vile inavyonijia kwa hiyo msinitafutie mpangilio.

Kwa wasioujua mji wetu, Lamu mjini ni vichochoro, vingine ukinyoosha mikono unashika kuta zote mbili, gari haipiti mle hata kwa dua. Mawe yanakuja kwa mashua kutoka Maweni, kisiwa cha Manda, simiti, mchanga, boriti, mitungi ya gesi, kreti za soda, vyote vinashushwa gatini na kutoka pale ni mgongo wa punda mpaka mlangoni kwa mtu. Bodaboda zimekuja miaka hii ndio, lakini ndani kabisa mtaa wa Mkomani bado ni punda. Mji uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, watalii wanapiga picha kuta na milango ya nakshi, ila wengi hawaulizi yale mawe yalifikaje pale.

Pale gatini utaisikia sana ile methali, punda afe mzigo wa bwana ufike, watu wanaisema huku wanacheka. Mimi imenichosha. Bwana gani? Siku hizi hakuna bwana, kuna fundi anayekulipa kwa safari, na punda akifa leo jioni kesho asubuhi fundi anampigia mwenzako, wewe unabaki na shogi tupu, ile mifuko ya mzigo ya mgongoni, na deni.

Haya. Jambo kubwa kuliko yote, na ukisahau mengine yote hili usilisahau, punda hasemi anapoumwa. Mbwa atalia, mbuzi atapiga kelele mtaa mzima ujue, punda anasimama tu. Anaumwa na anasimama. Tena nitakwambia kitu ambacho mimi nilichukua miaka kukielewa, punda mgonjwa anaweza kuinamisha kichwa kwenye majani na kutafuna kama anakula na asimeze kitu, wewe ukipita unasema huyu mzima, kumbe anaigiza. Kwa hiyo usiangalie kichwa kiko wapi, angalia majani yanapungua au hayapungui, na angalia kinyesi. Kinyesi kikiwa kidogo, kikavu, au hakuna kabisa, hiyo siku hakuna kazi.

Kila asubuhi kabla ya shogi simama mbele yake dakika mbili tu. Masikio yanazunguka kufuata sauti au yamelala pembeni kama matambara? Macho yana uhai? Anapumzisha mguu mmoja wa mbele? (Wa nyuma kupumzisha ni kawaida, wa mbele si kawaida, kuna maumivu.) Mguse masikio, mpapase mgongo wote kwa kiganja si kwa macho, manake kidonda huanza kama joto na uvimbe chini ya manyoya kabla hujaona damu. Ukiwa na kipimajoto cha dukani hata bora zaidi, punda mzima huwa kama nyuzi 37, ikipita 38 na hajatoka kazini, mtafute daktari wa mifugo. Dakika mbili. Wenzako watakucheka, wewe waache.

Sasa hili la kwangu nalisimulia kwa aibu. Nilikuwa na punda wawili madume, wamekua pamoja tangu wadogo, wanalala wakigusana. Nikapata shida ya pesa nikauza mmoja kwa mtu wa ng'ambo ya bara, aliyebaki siku ya kwanza akalia usiku kucha, siku ya pili kimya nikafurahi nikasema kashazoea. Hakuwa amezoea, alikuwa hali chakula. Siku ya tatu nikampakia hivyo hivyo kwa sababu nilikuwa na oda ya mchanga. Wazee wawili wakaniambia ni jicho, mmoja akaniletea kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, nimnyweshe. Siku ya nne akalala chini uani hakuinuka tena. Ni baadaye ndo daktari akanieleza, punda akiacha kula, kwa ugonjwa au kwa huzuni au kwa kuhamishwa ghafla, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe, yanajaa kwenye damu, ini na figo zinashindwa, na hiyo inaweza kuua ndani ya siku chache. Punda mnene ndo rahisi zaidi kupatwa na hayo. Kwa hiyo kwa punda kutokula siku moja ni dharura kama vile kwetu kutoka damu, si jambo la kusema tungoje tuone. Na ukinunua, nunua jozi ukiweza, ukiuza uza jozi, na mmoja akifa mwache mwenzake akae na maiti kidogo, ainuse, ajue. Najua inaonekana kama maneno ya wazungu lakini mimi nimelipia somo hili kwa punda mzima.

Turudi kwenye lile swali lenu la mzigo. Kipimo kinachotumika ni theluthi ya uzito wake mwenyewe mgongoni, na punda wetu hawa wengi ni wadogo, kilo 150 au 160 hivi, kwa hiyo ni kama kilo 50. Mfuko mmoja wa simiti ndo huo, kilo 50, umekwisha. Madumu ya lita 20 ya maji, moja ni kilo 20, ukimwekea manne ni kilo 80 na huyo mnyama anatembea kwenye jua. Mawe usikisie, chukua jiwe moja ulipeleke kwa muuza duka akupimie kwenye mzani wake, ujue, halafu hesabu yako iwe ya kudumu. Najua utaniambia fulani anapakia mara mbili ya hapo na punda wake anaenda. Anaenda ndio, muulize huyo fulani amebadilisha punda wangapi. Punda aliyetunzwa anafika miaka 25, wengine 30, na anayepakiwa hovyo humalizika akiwa bado kijana. Piga hesabu ya safari za miaka 15 na za miaka 6 uniambie nani anapata zaidi.

Na sio uzito peke yake, ni unavyokaa. Shogi ikizidi upande mmoja inamkata upande wa pili. Chini ya shogi weka tandiko nene, gunia la katani lililokunjwa au godoro kuukuu, si mfuko wa nailoni maana ule unateleza, unashika jasho na kuchuna ngozi. Mzigo usikalie uti wa mgongo, ukae pande mbili za mbavu na katikati kubaki kama mfereji hewa ipite. Tandiko lioshwe, chumvi ya jasho ikikauka ni kama msasa. Hapa ndo vidonda vingi vinapotoka jamani, uvivu wa kufua gunia.

Kidonda kikitoka, usipake oili chafu ya injini, usipake majivu, usimchome na chuma cha moto, hayo yote nimeyaona na yote yanazidisha. Maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kidogo cha chai cha chumvi, osha taratibu, na mpumzishe mpaka pafunge. Mpumzishe! Dawa haiwezi kushindana na shogi inayopanda juu yake kila siku. Hapa pia kuna ule ugonjwa ambao sisi wenyewe tumeupa jina la huyu mnyama, pepopunda. Wadudu wake wanakaa kwenye udongo na kwenye mavi, wanaingia kwa kidonda, hata tundu la msumari kwenye kwato, afu unaona punda anakakamaa, mkia umeinuka, taya limefunga, ngozi ya ndani ya jicho inaruka ruka kufunika mboni. Ikifika hapo mara nyingi umeshachelewa, lakini chanjo ipo, ulizia. Na wewe mwenyewe unayeshika vidonda na mavi kila siku chanjo yako iko wapi? Halafu punda aliyeumwa na mbwa akianza vituko, akajing'ata au akakuuma, usifanye ushujaa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, kichaa cha mbwa hakina mchezo.

Kwa matibabu Lamu tuna bahati kuliko miji mingi, shirika la punda la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilifungua kituo hapa mwaka 1987. Msiwe kama mimi miaka ya mwanzo nilikuwa naona aibu kumpeleka, nadhani watanigombeza kwa vidonda. Kugombezwa hakuui.

Maji ni lita 15 mpaka 25 kwa siku na joto likizidi zaidi ya hapo. Kuna imani kwamba ukimpa maji akiwa na jasho atakufa, sijui ilitoka wapi, mpe kidogo kidogo mara nyingi. Vuta ngozi ya shingo kidogo uachie, ikirudi pole pole kama nguo iliyokunjwa huyo ana kiu. Chakula chake ni majani na mabua, kitu cha nyuzi nyuzi muda mrefu, mahindi mengi kwa pamoja yanamvuruga tumbo na kumharibu kwato. Na usiku tunawaachia wazurure mjini ni desturi yetu, lakini wanachokuta ni jaa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na imepungua kweli, ila kamba, nyavu na nailoni bado zipo, zinajisokota tumboni na punda anajigaragaza, anageuka kuangalia mbavu zake, anapiga teke tumbo lake mwenyewe. Bora umpe majani ashibe kabla hajatoka.

Kwato chonga kila baada ya wiki sita mpaka kumi, kwa mtu anayejua, tazama kwanza mara kadhaa ndo ujaribu. Kila jioni chokoa mawe na uchafu chini. Sina la kuongeza hapo.

Fimbo sasa. Watu wanasema punda mkaidi, mimi nakataa. Asili yake ni punda mwitu wa jangwa huku huku kwetu, Somalia, Ethiopia na Eritrea, na farasi akiogopa anatimua mbio lakini punda akiogopa anasimama afikirie. Kwa hiyo akigoma kwenye kona ya kichochoro, ameona kitu, mtaro, tundu, kivuli, turubai linapepea. Ukimpiga umemthibitishia kwamba pale pana hatari, kesho atagoma mbali zaidi. Mpe nusu dakika, tangulia wewe, au pitisha mwenzake kwanza. Na ile ya shukrani ya punda mateke, yakhe, angalia aliyepigwa teke alikuwa amesimama wapi na alikuwa amefanya nini dakika moja kabla.

Mkokoteni sisi hatuna sana kwa sababu ya njia, lakini kama unaenda kufanya kazi bara, Naivasha au Limuru huko, jua kuwa punda anavuta zaidi ya anavyobeba kwa sababu gurudumu ndo linabeba, ila mzigo ukae sawa juu ya ekseli, ukienda mbele unamkandamiza na ukienda nyuma unamnyanyua. Kwenye mteremko mzigo unamsukuma, lazima kuwe na mkanda wa nyuma ya mapaja au breki. Na huko bara usiku mfungie. Machinjio ya punda yalipofunguliwa Kenya mwaka 2016 kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa China kutengenezewa dawa ya ejiao, watu waliamka asubuhi wakakuta mifupa tu kichakani. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8, ya 2019 wakawa kama milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku 2020, mahakama ikaitengua mwaka uliofuata, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuzuia biashara hiyo bara zima, lakini mwizi hasomi maazimio.

Kununua: mfungue mdomo, meno ya mbele ya kudumu yanakamilika karibu miaka mitano, chini ya miaka mitatu usimpakie hata akionekana mkubwa, mifupa bado. Mimba ya jike inachukua kama mwaka mzima, miezi mitatu ya mwisho ni mapumziko, utalia hasara lakini ule mtoto ndo faida. Na sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kupakia kupita kiasi kuwa kosa, wengi wanaijua siku wanakamatwa.

Mimi sasa nina wawili, jike na mwanawe, hawatenganishwi. Saa sita mchana wanavuliwa shogi, tunakaa kivulini wote watatu, fundi akipiga simu napokea, namwambia baada ya Alasiri. Mwanzo walikuwa wanakata simu kwa hasira, siku hizi wanauliza tu Alasiri saa ngapi leo.