Diski ya nje na fremu zinazoruka

Kaka, umeuliza kama diski yako ya nje inafaa kurekodia video za simu, na kwa nini picha zinarukaruka. Hiyo diski ya kuzunguka haifai kurekodia ProRes (video ya ubora wa juu yenye mafaili makubwa) ya iPhone 15 Pro. Apple wanataka kasi ya kuandika isiyopungua MB 220 kwa sekunde. Tafuta SSD, yaani diski isiyozunguka, ifomati kwa mfumo wa mafaili wa exFAT au APFS. Waya uliokuja na simu uache, ule ni USB 2. Nunua wa USB 3.

Picha kurukaruka ni jambo jingine kabisa, diski haihusiki. Klipu zako ni fremu (picha) 30 kwa sekunde, mradi wako wa kuhariri ni 25, kwa hiyo kila sekunde fremu 5 zinatupwa. Hizo ulizokwisha kurekodi zihariri kwenye mradi wa 30. Kwa kazi zijazo za 25, washa PAL (mfumo wa video wa fremu 25) kwenye mipangilio ya kamera ya simu, kisha uchague 25. Na kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, panga idadi ya fremu za mradi mapema, kabla ya kuingiza klipu, ukishaziingiza idadi ya mradi huo haibadiliki.