Mafuta ya CBD na melanoma ya mguuni

Dada pole sana na mama. Umeuliza kama aache dawa za hospitali atumie mafuta ya CBD, yale yanayotoka kwenye mmea wa bangi, kwa ajili ya hiyo melanoma (kansa ya ngozi) ya unyayoni, mi nakuomba sana asiache. Hiyo habari ya kwamba CBD inaua melanoma inatokana na majaribio ya maabara na ya panya, kuna moja la Marekani la 2019 panya walipandikizwa melanoma, waliopewa CBD uvimbe wao ulikua taratibu na waliishi muda mrefu kuliko wasiopewa kitu, lakini waliopewa sisplatini, ambayo ni dawa ya kemo ya siku nyingi tu, walifanya vizuri zaidi ya wale wa CBD. Hiyo sehemu wauzaji hawaisemi kabisa! Na ni panya, sio mama.

Kingine, kama watamuanzishia imyunotherapi, yaani dawa za kuamsha kinga ya mwili ipambane na kansa, basi awe makini zaidi, maana Israeli walifuatilia wagonjwa wa kansa waliokuwa wanapewa nivolumabu, moja ya dawa hizo, na kwa waliokuwa wanatumia na bangi, hiyo dawa iliwakubali wachache kuliko wenzao wasiotumia. Alafu CBD inapita kwenye ini kama dawa zingine nyingi, zinaweza kugongana, so kama keshaanza kuinywa mwambieni daktari, beba na chupa yenyewe aione.

Melanoma ya unyayo au chini ya kucha ndo inayotupata sana sisi weusi, Bob Marley ilimuanza kwenye kidole gumba cha mguu akafariki 1981 ana miaka 36 tu. Ikikatwa mapema mara nyingi inapona, upasuaji usicheleweshwe jamani.