Mama ananisihi nirudi Misa, kaka zangu wamekwisha kurudi: nifanye nini?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 23, mwanafunzi wa chuo, na bado naishi kwa wazazi wangu. Tulibatizwa na kulelewa katika Kanisa Katoliki, na baba ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Mimi na kaka zangu wawili tulihamia kanisa la Kiprotestanti, na tangu hapo nyumbani hakuna amani. Baba amesema hatalipa ada yangu ya muhula ujao mpaka nirudi. Kaka zangu wamerudi Misa ili wasifukuzwe nyumbani, ingawa najua mioyo yao haijabadilika. Mama ananililia niende walau Krismasi. Katika darasa la vijana tulisimuliwa habari za Charlotte Arbaleste, mwanamke kijana wa ukoo wa kikabaila huko Ufaransa, ambaye mwaka 1572 alikataa kwenda Misa ingawa mama yake alimsihi na ndugu zake walikubali. Mchungaji anataka nisimame kanisani nitoe ushuhuda na kujifananisha naye. Je, mama yangu ni adui wa imani yangu? Kaka zangu ni wasaliti? Na nikienda siku moja tu, nitakuwa nimemkana Kristo?
Binti wa Njia Panda

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na Charlotte kwa sababu wewe mwenyewe umeanza naye, na kwa sababu naona umesimuliwa sehemu ile inayong'aa tu, ukanyimwa sehemu ambayo ingekufaa zaidi katika hali uliyo nayo.

Charlotte alikuwa amezaliwa katika nyumba yenye imani mbili chini ya paa moja. Baba yake, Guy Arbaleste, afisa mkubwa wa hesabu za mfalme mjini Paris, aliifuata imani ya Kiprotestanti kabla ya kufa kwake, ilhali mama yake alibaki Mkatoliki. Mume wake wa kwanza, Jean de Pas, bwana wa Feuquères, alifariki mwaka 1569 wakati wa vita vya dini, akamwachia binti mdogo aliyeitwa Suzanne. Kwa hiyo mwezi Agosti 1572, makabaila wa Kiprotestanti walipojaa Paris kwa ajili ya harusi ya Henri wa Navarre, mtawala kijana wa Kiprotestanti, na Marguerite, dada wa mfalme wa Ufaransa, Charlotte alikuwamo mjini humo akiwa mjane wa miaka ya ishirini na kitu mwenye mtoto wa kubebwa. Harusi ilifungwa tarehe 18. Tarehe 22 kiongozi wao, Amiri Gaspard de Coligny, alipigwa risasi akajeruhiwa, na alfajiri ya tarehe 24, sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, aliuawa, kisha mauaji yakaenea mitaani kwa siku kadhaa. Wanahistoria wengi wanakadiria kuwa waliouawa Paris peke yake walikuwa kati ya watu 2,000 na 3,000.

Charlotte alikuwa bado kitandani wakati mtumishi wake alipoingia mbio kumwambia kwamba watu wanauawa. Alimtanguliza mtoto, akiwa amebebwa shingoni mwa mtumishi, hadi nyumba ya rafiki wa familia, naye akafuata baadaye. Nyumba hiyo ilipopekuliwa alifichwa juu darini, na kutoka huko alisikia vilio vya wanaume, wanawake na watoto waliokuwa wakichinjwa njiani, huku binti yake akiwa chini mikononi mwa mtumishi. Aliandika baadaye kwamba alikaribia kukata tamaa kabisa, na kwamba kama si kuogopa kumkosea Mungu, angeona afadhali ajitupe chini kuliko kuanguka hai mikononi mwa wale watu na kumwona mwanawe akiuawa. Nataka ulijue hilo kabla hujajilinganisha naye, kwa sababu mara nyingi tunawasimulia vijana habari za mashujaa kana kwamba hawakutetemeka, kisha kijana anayetetemeka anadhani imani yake ni dhaifu.

Sasa tuje kwa mama. Mama yake Charlotte alikuwa amewaokoa wanawe wa kiume kwa kuwaacha waende Misa, akafikiri atamwokoa binti yake kwa njia hiyo hiyo. Charlotte alipokataa, mama akampelekea ujumbe kwamba basi atamrudishia Suzanne, ambaye wakati huo hakuwa tena mikononi mwa Charlotte, ili uzito wa kumlinda mtoto umwangukie yeye mwenyewe. Charlotte akajibu kwamba atampakata mtoto mikononi mwake na watauawa pamoja. Ni maneno ya kutisha pande zote mbili, na nimeyafikiria sana. Mama yule hakuwa na uwezo wowote juu ya wauaji waliokuwa mitaani, hakuwa na jeshi wala amri ya mfalme, na kitu pekee alichobaki nacho cha kumsukuma binti yake ni mjukuu. Alikitumia vibaya. Hata hivyo Charlotte, alipoanza kuandika kumbukumbu zake mwaka 1584 kwa ajili ya mwanawe wa kiume, alieleza waziwazi kwamba mama yake alikuwa katika mahangaiko makubwa akitafuta namna ya kumwokoa. Aliandika shinikizo na akaandika sababu yake, wala hakumtangaza mama yake kuwa adui wa Mungu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni hapana, mama yako si adui. Yeye amekaa katikati yako na baba yako, na kilio chake kinakuelemea wewe kwa sababu wewe ndiye anayethubutu kumlilia. Ningependa umuulize, mkiwa wawili tu, labda jikoni mnapochambua mchele, hofu yake hasa ni nini. Inawezekana anaogopa ndoa yake itavunjika. Inawezekana anaogopa wanawake wenzake wa jumuiya watasema mwenyekiti ameshindwa na nyumba yake. Na inawezekana, kama nilivyoandikiwa na akina mama wengi, anaogopa kwamba siku ukifa hakutakuwa na padri wa kukuzika. Kila hofu kati ya hizo ina jibu lake, lakini huwezi kuijibu hofu ambayo hujaisikia.

Kuhusu kaka zako, nakuomba uufunge mdomo wako kabisa. Ndugu zake Charlotte walikwenda Misa ili wasiuawe, naye alitaja jambo hilo bila kuwahukumu. Henri wa Navarre mwenyewe alilazimishwa kuiacha imani yake baada ya mauaji yale, akaendelea kuhudhuria Misa katika jumba la kifalme mpaka alipotoroka mwaka 1576 na kurudi kwa Waprotestanti wenzake. Kaka zako hawakutishiwa kwa upanga, ni kweli, bali kufukuzwa nyumbani bila kazi wala pa kulala si jambo dogo, na wewe hujui kila walichoambiwa na baba walipoitwa peke yao. Usiwaite wasaliti, si mbele yao, si mbele ya mama, na hasa si mbele ya kanisa.

Hilo linanifikisha kwenye ushuhuda. Usiutoe. Siku utakaposimama mbele ya watu na kueleza kwamba kaka zako wanakwenda Misa huku mioyo yao iko kwingine, habari zitamfikia baba yako kabla ya chakula cha usiku, na utakuwa umewavua kaka zako kifuniko chao cha mwisho bila idhini yao. Mchungaji wako huenda ana nia njema, lakini yeye halali katika nyumba hiyo. Tena kuna jambo juu ya Charlotte ambalo huenda hakulitaja. Katikati ya miaka ya 1580, akiwa Montauban, baraza la kanisa lake mwenyewe la Kiprotestanti lilimzuia yeye na familia yake kushiriki Meza ya Bwana kwa sababu ya mtindo wake wa kusuka nywele, uliokuwa na waya ndani yake. Mwanamke aliyeponea chupuchupu kwa ajili ya imani hiyo alilazimika kujitetea kwa maandishi mbele ya wachungaji wake. Alijitetea kwa heshima, hakulihama kanisa, lakini pia hakukubali kwamba kila wanachosema wachungaji kimesemwa na Mungu. Nawe waweza kumwambia mchungaji wako, kwa adabu zote, kwamba jambo hili ni la nyumbani kwenu na hutalisema hadharani.

Sasa swali lililo gumu zaidi, la kwenda siku moja. Katika Paris ya mwaka 1572 kwenda Misa kulikuwa tangazo la kuiacha imani ya Kiprotestanti, na kila mtu alilielewa hivyo, anayekwenda na anayemlazimisha. Kwako wewe maana inategemea unakwenda kwa nini. Ukienda kwenye ibada ya mazishi ya shangazi yako, au ndoa ya binamu yako, au kipaimara cha mdogo wako, ukakaa kwa heshima, ukasalimia watu na kisha ukasaidia kugawa chakula, hujamkana mtu yeyote. Umetimiza wajibu wa ndugu. Lakini Krismasi hii baba yako ameifanya kuwa bei ya ada, na kwa sababu hiyo mimi nisingekwenda. Ukienda kwa sharti hilo atakuwa na haki ya kuamini kwamba umerudi, na Januari atakudai Jumapili zote zilizobaki. Zaidi ya hayo, Misa ni kitu kitakatifu kwa baba yako. Kwenda kuinamisha kichwa na kupokea komunyo usiyoiamini ili upate fedha ni kuikosea heshima imani yake kuliko kukaa nyumbani, na hoja hiyo yeye mwenyewe, akiwa ametulia, anaweza kuielewa. Mwambie hivyo. Mwambie kwamba unaiheshimu sana Misa kiasi kwamba huwezi kuitumia kama risiti ya ada.

Kukataa huko hakukulazimishi kugombana kila asubuhi. Siku ya 11 baada ya mauaji Charlotte aliondoka Paris kwa mashua iendayo Sens, akiwa amevaa kama mwanamke wa kawaida. Kwenye ukaguzi mtoni hakuwa na hati ya kusafiria, na askari wakasema huyu ni Mprotestanti, lazima azamishwe. Akaomba apelekwe kwa bwana mmoja aliyeitwa Voysenon, mkaguzi wa hesabu, Mkatoliki thabiti aliyeifahamu familia yao. Naye akawathibitishia askari kwamba anamjua kutoka nyumbani kwa nyanya yake Charlotte, wakamwachia. Ndani ya mashua walikuwamo watawa wawili, padri, na wafanyabiashara wawili na wake zao, wakifurahia waliyoyaona Paris. Alipotamka neno moja la huruma wakamwambia anazungumza kama Mprotestanti, basi tangu hapo akajifanya amelala ili asilazimike kuwajibu. Usiku, katika nyumba ya wageni, ilimbidi alale kitanda kimoja na wale wake wa wafanyabiashara, na akaingiwa na hofu kubwa kwa sababu ndani ya nguo zake duni alikuwa amevaa shimizi ya kitani cha Uholanzi yenye nakshi, ambayo ingefichua kwamba yeye ni mwanamke wa kikabaila. Baadaye alijihifadhi kwa mkulima wa mizabibu wa Michel de l'Hôpital, aliyekuwa kansela wa Ufaransa, na tarehe 1 Novemba akafika Sedan, ambako Waprotestanti walikuwa na hifadhi na ambako alikutana na Philippe Duplessis-Mornay, aliyemwoa mwaka 1576.

Nimekusimulia hayo kwa kirefu ili uone kwamba mwanamke huyu aliyekataa mbele ya mama yake alinyamaza mbele ya wasafiri wenzake, na kunyamaza kwake hakukuwa kukana. Nawe si lazima ujibu kila neno linalosemwa mezani kuhusu kanisa lako. Ona pia kwamba aliyemwokoa mtoni alikuwa Mkatoliki. Wala Waprotestanti hawana mikono safi katika historia hii: huko York, Uingereza, mwaka 1586, Margaret Clitherow, Mkatoliki mwenye mume Mprotestanti, aliuawa kwa kugandamizwa kwa mawe mazito baada ya kushtakiwa kwa kuwahifadhi mapadri. Darasa lenu la vijana likimsoma Charlotte, limsome na Margaret.

Imebaki ada, na hapa nina ushauri ambao huenda hukuutarajia: msaada wako uko parokiani. Kanisa Katoliki, katika tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu uhuru wa dini lililotolewa tarehe 7 Desemba 1965, linafundisha kwamba mtu yeyote asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini. Baba yako ni mwenyekiti wa jumuiya, hivyo neno la paroko lina uzito kwake kuliko langu, la mchungaji wako au la mjomba yeyote. Mwombe mama aende kwa paroko, na akikubali mwende pamoja. Usiende kutetea kanisa lako wala kubishana juu ya mafundisho. Mweleze tu kwamba baba amefungia ada kwa sababu ya imani, na umwombe azungumze naye faraghani, bila jumuiya kujua, maana baba akiaibishwa mbele ya watu wake hatarudi nyuma.

Wakati huo huo nenda chuoni, umwone mshauri wa wanafunzi, uulize kama ada inaweza kulipwa kwa awamu, ili usifike mwanzo wa muhula ukiwa na mikono mitupu na kishawishi cha kwenda Misa kwa shida ya fedha. Na ikitokea baba akanyanyua mkono, ondoka siku hiyo hiyo uende kwa ndugu unayemwamini, mengine yatazungumzwa ukiwa salama. Nenda kwa paroko wiki hii, kabla maandalizi ya Krismasi hayajamzidi, kisha uniandikie alichokuambia.